Dorkasi wa Gare, fundi anayechonga breki za gari la mbio

Asubuhi hii mashine ya kuchonga vyuma inaunguruma mjini Lushoto, na Dorkasi Shechambo ameinamia diski ya breki kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ovaroli yake imejaa vumbi jeusi la chuma. Hageuki hata anaposikia hatua mlangoni.

"Shikamoo, Mama Anord. Bado tu?" anauliza Ismaili Singano, dereva wa magari ya mbio.

"Marahaba. Bado. Wewe kazi yako kukimbia, mimi kazi yangu kukusimamisha. Ngumu ni ya nani?"

"Yako, mama. Yangu nakanyaga tu."

"Basi kaa hapo, unyamaze."

Leo ndiyo leo. Gari la bluu la Ismaili litateremka kutoka Soni hadi karibu na Mombo, kona juu ya kona, upande mmoja jiwe, upande wa pili hewa tupu. Chini kabisa anasubiri Nathanaeli Kihiyo, mkaguzi wa mashindano ya magari ya mlimani. Diski zikifika nzima, Jumapili gari linashindana. Zikipata ufa, basi tena. Dorkasi amemaliza hizo mbili za mbele tu, na hakuna nyingine.

Kwa asiyejua, diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana huku na huku. Gari linasimama, lakini ule mwendo wote unageuka kuwa moto. Moto ukizidi, mafuta ya breki yanachemka, na mguu wa dereva unazama mpaka sakafuni bila kitu kutokea.

Ismaili anayajua hayo kwa mwili wake. Mwaka jana breki zilimwishia katikati ya mteremko, akaingia na gari kwenye maharage ya watu. "Mwenye shamba aliniuliza habari za maharage kwanza, habari za mguu wangu baadaye," anasema.

Ndipo akaenda kwa Dorkasi, na Dorkasi akaanza diski upya, toka mwanzo.

Kwanza aliifanya pana. "Sukuma mlango karibu na bawaba, uone kazi yake. Halafu sukuma penye kitasa," anaeleza. "Pedi ikibana mbali na katikati, gari linatii kwa nguvu kidogo."

Pili, diski yake ni sahani mbili zilizoachana kidogo, katikati zimewekwa kuta ndogo zilizopinda. Gurudumu likizunguka, kuta hizo zinavuta hewa baridi ndani na kuitupa nje ikiwa ya moto. Kwa hiyo ya kushoto haiwezi kufungwa kulia, maana itavuta hewa kinyume. Usoni amechonga mifereji myembamba ya kutolea vumbi na moshi wa pedi.

"Mimi nimezaliwa Gare, kwenye shamba la mteremko," anasema. "Shamba lisilo na mifereji, mvua ikija linaondoka lote. Hata moto unataka njia ya kutokea."

Umbo la diski alilichonga kwanza kwa mbao, kwa mkono, kisha akalipeleka Tanga kwa watu wanaoyeyusha chuma. Mara ya kwanza chuma kilitoka na matundu ndani. Akakirudisha. Mara ya pili akalala palepale Tanga kwa shangazi yake, akiwasimamia mpaka walipomchoka.

Ufundi aliupata kwenye karakana ya misheni alipomaliza darasa la saba. Siku nyingi anaishi kwa kunoa majembe na kuchonga vipuri vya mashine za kusaga. Pesa ya chakula inapatikana, ya ada inapatikana kwa jasho. Alipokwenda kuomba umeme wa nguvu kubwa kwa ajili ya mashine yake, aliambiwa asubiri kikao. Kikao gani, hakuambiwa. Bado anasubiri.

Ndivyo walivyo wakubwa wetu. Lori likianguka kwenye mteremko huu wanakuja na magari yenye vioo vyeusi, wanasimama penye damu, wanasema dereva alikuwa mzembe. Wanaweka kibao kipya. Kibao hakishiki gurudumu. Wengine wetu tumezika wake zetu kwa ajili ya barabara hii, na hatujaona wanachoweka zaidi ya vibao.

Lakini leo tuwaache wakubwa.

Diski zimeshafungwa, na magari mengine yamezuiwa kwa muda. Dorkasi ametangulia chini, kwenye kona ya mwisho, mahali wauza matunda wanapopanga plamu na peasi kando ya lami. Mkaguzi Kihiyo ametulia kwenye kiti cha kukunja. Watu wamejaa mpaka juu ya mawe.

Gari linasikika kabla ya kuonekana. Linaunguruma, linanyamaza ghafla penye kona, linaunguruma tena. Kila likinyamaza, Dorkasi anafumba macho.

"Hapo amekanyaga," ananong'ona. "Limetii. Hapo tena. Limetii!"

Mara hilo hapo! Linachomoza pua chini, moshi unatoka magurudumuni, na ndani ya rimu diski zinawaka wekundu wa kaa la moto. Watu wanapiga kelele. Gari linapunguza, linapunguza, linasimama mbele ya mkaguzi bila hata kuyumba.

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika.

Kina mama wa pale wana desturi yao. Lori la kabichi likifika na magurudumu yanayofuka moshi, wao wanalipokea kwa ndoo za maji ya kuoshea matunda. Ni ukarimu. Dereva hushukuru, hununua plamu, huenda zake. Leo gari ni la kijana wao, tena linafuka kuliko lori. Wakaona wampokee kwa heshima zote.

"Linaungua! Leteni maji!" anapaza sauti Mwanahamisi, mwenye meza ya kwanza, na ndoo tano zinainuka kwa pamoja.

Chuma chekundu na maji ya mlimani! Vikikutana, diski inapasuka kama chungu.

"Hapana! Msimwage!" Dorkasi anajitupa mbele ya gurudumu la kulia, mikono wazi. Maji yote yanamwishia yeye, kichwani mpaka viatuni. Na kule kushoto Mwanahamisi ameshainua ndoo yake.

"Ismaili, achia breki! Ondoa gari! Tembea polepole, usikanyage!"

Gari linajivuta mbele. Maji ya Mwanahamisi yanapiga lami tupu, yanaruka, yanamlowesha mkaguzi na kiti chake.

"We Dorkasi, una wazimu? Nilikuwa nakuokolea gari!" Mwanahamisi anafoka.

"Dada yangu, ungeliua! Liache lipoe kwa upepo!"

"Sasa si ungesema mapema? Tangu ufike umekaa hapa unakula plamu zangu tu!"

Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ismaili anazunguka na gari taratibu, hewa ipite, na Dorkasi anakimbia kando yake huku anatiririka maji, macho hayatoki kwenye gurudumu.

Diski zilipopoa, Kihiyo alivua magurudumu mwenyewe, suruali ikiwa bado imemganda. Akagonga diski ya kulia kwa nyundo ndogo. Ikalia kwa sauti ndefu, safi, kama kengele. Akagonga ya kushoto. Ikalia vilevile. Akapitisha kidole taratibu, mzunguko mzima.

"Hakuna ufa," akasema. "Jumapili mnashindana."

Kelele zilizopigwa hapo nadhani zilifika Mombo sokoni. Mwanahamisi ndiye aliyemkumbatia Dorkasi wa kwanza, naye akalowa.

Jumapili Dorkasi anasema atasimama kwenye kona hiyohiyo, ng'ambo ya lami, mahali gari linapoelekeza pua. "Likikataa kusimama, linikute mimi kwanza," anasema.

Baada ya hapo anataka kuanza diski nyingine, kubwa zaidi na nene zaidi, kwa ajili ya malori ya mboga. Anajua malori mengi hayana hata nafasi ya kuzifunga, kwa hiyo itabidi afikirie upya hata namna ya kuzishikiza kwenye ekseli. Hilo halimtishi.

"Ismaili yuko peke yake mle ndani, amefungwa mikanda, ana kofia ngumu," anasema akikamua maji kwenye mkono wa ovaroli. "Kwenye lori la kabichi kina mama wanakaa juu ya mzigo, wameshika kamba. Hao ndio ninaowachongea."