Karatasi ya Stoo Kutoka Kianda

Usiniambie nilikuwa na usingizi, wala usiniambie ni mshtuko wa ile vita ya baada ya uchaguzi. Watu wameniambia hayo mpaka nimewachoka. Nilimwona mchana, saa nane, jua linawaka, nimekunywa chai na mandazi na akili zangu timamu. Kama huamini, wacha kusoma, uende zako.

Mimi ni fundi wa kompyuta za madukani. Wakati huo nilihudumia maduka mawili ya jumla ya tajiri mmoja, moja Kawangware, lingine Kianda kule Kibera. Kila duka lilikuwa na printa mbili. Ya kaunta inatoa risiti. Ya stoo, huko nyuma, inatoa karatasi ya mzigo: mteja akilipa mbele, karatasi inachapwa nyuma, anaipokea pamoja na gunia lake. Na kwa amri ya tajiri, karatasi zote mbili zilibeba jina la keshia. Ati ndiyo ajue nani anamwibia.

Sasa niambie, Januari 2008, Nairobi hii, jina la mtu ni kitu cha kuchapa na kugawa barabarani? Jina lilikuwa linaua watu! Likisomwa tu, wanajua kwenu ni wapi, wanajua mtaa huu si wako.

Keshia wa Kianda aliitwa Wambui, jina la kabila lililokuwa linawindwa mtaa ule. Wateja walimjua kama Siz tu, yaani dada, na hiyo Siz ndiyo ilikuwa inamficha. Nilipomwambia tajiri tutoe majina, alinifokea kwa simu: "Jina linakaa! Wewe ni fundi ama mwanasiasa?" Mshenzi yule. Yeye alikuwa kwake, nyuma ya geti, na mabawabu wawili.

Wambui alinishika mkono. "Fundi, nitolee hiyo jina. Tafadhali. Na usimwambie."

Nikafungua mpangilio wa printa ya kaunta, nikafuta jina, nikachapa risiti moja ya kujaribu. Safi. Huko nje watu walishaanza kukimbia, tairi zinanuka, na mimi nilitaka kufika kwangu Riruta nikiwa mzima. Nikamwambia, "Nimetoa, Siz. Tulia." Nikatoka mbio.

Siku nne baadaye nilikuwa duka la Kawangware, mlango umefunguliwa nusu, mimi na keshia wa pale, Atieno. Kwao ni upande wa ziwa, na siku hizo kuna watu wa ule mtaa hawakutaka kumwona mtu wa huko. Wambui akaingia. Niamini. Alikuwa na sweta yake ya kijani, ile yenye kifungo kimoja cheusi. Nilifurahi hata sikujiuliza amepitaje barabarani.

"Siz! Umekuja na miguu kutoka Kianda?"

Aliweka karatasi juu ya kaunta. "Ulisema umetoa."

Nikaisoma. Ilikuwa karatasi ya stoo ya Kianda. Sukari, gunia moja. Na chini: Umehudumiwa na Wambui, pamoja na jina la babake. Unajua nilifanya nini? Kila printa ina mpangilio wake. Ukifuta jina kwa moja, nyingine haina habari. Na si ati sikujua, nilikuwa nafundisha vijana wengine kitu hiki hiki! Stoo ilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokaa, na sikwenda kuangalia.

"Na ya huku?" akauliza, akimtazama Atieno. Kisha akapita, akaingia stoo. Nilimfuata. Hakukuwa na mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilirudi kwa kompyuta, nikafuta jina la Atieno kwa printa zote mbili, nikachapa moja moja na kuzisoma kwa macho yangu.

Haikuisha dakika kumi, vijana sita wakaingia na rungu na mapanga. "Tuuzie unga. Na tunataka karatasi, zote." Nikazichapa mbele na nyuma, nikawapa. Kiongozi wao alizisoma kutoka juu mpaka chini, akazigeuza, akasoma tena. Akamwangalia Atieno. "Huyu anaitwa nani?"

"Ni bibi yangu," nikasema. "Sisi ni watu wa Machakos." Nikamsemesha Kikamba, lugha ya kwetu, pale pale, na Atieno, ambaye hajui hata neno moja, akaitikia kwa kichwa. Wakabeba unga bila kulipa, wakaenda. Atieno aliketi sakafuni akalia bila sauti.

Jioni tajiri akapiga simu. "Duka la Kianda walichoma juzi! Kompyuta zangu zote zimeisha!"

"Na Wambui?"

"Huyo waliua hapo nje. Sasa hizo kompyuta..."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuandika, nikaacha kazi. Karatasi ya Wambui ilikuwa bado juu ya kaunta. Ilikuwa imechapwa siku hiyo hiyo, saa nane kasoro dakika tano, na printa iliyokuwa jivu tangu juzi. Atieno aliisoma pia. Yuko hai, ana watoto watatu, muulize.

Tangu hapo siwezi kusikia printa ikilia chumba cha nyuma nisiinuke kwenda kuangalia. Wananicheka. Wacheke. Na wewe, kama kuna mtu umemwambia "nimeshafanya" na hukuangalia, inuka sasa hivi ukaangalie. Usingoje akufuate.

Maana nilimtafuta mamake Wambui nimwambie pole, nikakiri kosa langu. Akasema alimsihi mtoto wake asiende kazini asubuhi ya siku ile aliyouawa. Wambui akamjibu, "Mum, usiogope. Fundi ameshatoa jina langu."