Mafiga ya Bibi na Mahekalu ya Karnak

Nilipokuwa masomoni Kairo, niliapa sitarudi nyumbani kabla ya kuiona Karnak, ule mji wa mahekalu wa Wamisri wa kale. Basi nikafika, ndugu yangu, jua likiwaka kama la Singida mwezi wa kumi. Nikapita kati ya safu mbili za kondoo wa mawe, nikasimama chini ya nguzo ambazo mtu unaziangalia mpaka shingo inauma. Pembeni palikuwa na kijiwe kidogo. Nikainama nimwokotee binti yangu, mkono ukakataa. Nilimkumbuka bibi.

Nikiwa darasa la tano kijijini kwetu Mungaa, Singida, mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za mji huohuo. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, anayeongea kama anaimba. Akatuagiza tuujenge nyuma ya darasa kwa udongo na mabua ya mtama. Kikundi chetu kilipewa lango kuu, na kila udongo ulipokauka, lango lilipasuka. Nami nilijua mawe mazuri yalipo.

Yalikuwa kwenye mahame yetu, pale alipozaliwa bibi. Nyumba ya tembe ilishaanguka zamani, yakabaki matuta ya udongo, maboga yaliyojiotea, na mafiga matatu. Tukipita asubuhi kwenda kufukuza ndege kwenye uwele, bibi hakuturuhusu hata kuyakalia. "Mwenye nyumba akirudi, atainjika wapi?" alikuwa akisema. Kwa akili zangu za darasa la tano, wenye nyumba walikuwa wamekufa wote. Nikayabeba kichwani, moja moja. La tatu halikuenea langoni, tukaligonga kwa nyundo, likapasuka vipande viwili.

Kesho yake bibi aliingia shuleni kabla rimu ya gari, ndiyo kengele yetu, haijapigwa. Alizungumza Kinyaturu, mwalimu hakijui, hivyo nikawa mkalimani wa kesi yangu mwenyewe.

"Bibi anakusalimu," nikaanza.

"Sijamsalimu," bibi akasema kwa Kiswahili safi. "Mwambie umeiba."

Nikamwambia. Darasa zima lilicheka, isipokuwa mwalimu.

"Shikamoo, mama," alisema. "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyewatuma kujenga." Kisha akamweleza ule ulikuwa mji gani.

Bibi aliutazama mji wetu wa udongo kwa muda. "Siku hizi wanakaa nani huko?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mahame."

"Na mawe yao, hawayachukui watu?"

"Mengi yalichukuliwa."

Bibi akatikisa kichwa, nikaona kabisa amewahurumia Wamisri. Lakini alipookota vile vipande viwili, alilia. Sikuwahi kumwona bibi akilia. Angenichapa ningepona haraka. Nililia kumshinda.

Mchana ule darasa zima tuliyarudisha mawe. Bibi aliyapanga mahali pake, akaunga lile lililopasuka kwa udongo, akalishikilia kwa viganja kama anayemtuliza mtoto. "Figa moja haliinjiki chungu," alisema, "na mawili vilevile." Halafu, bila kuombwa, akatutembeza: hapa palikuwa zizi, hapa mama yake alisagia uwele, hapa yeye alizaliwa. Mwalimu aliandika kila kitu kwenye daftari. Huo ndio mji wa kale wa kwanza niliotembezwa maishani, na hakuna aliyetudai kiingilio.

Bibi ametutoka. Mwalimu alihamishwa. Matembe yamekwisha, ni bati tupu zinazomeremeta, na harufu ya moshi wa kuni kwenye dari la udongo sijui nitainusa wapi tena. Naitamani sana.

Hata hivyo, likizo ya Pasaka nilimpeleka binti yangu kijijini Mungaa, kwenye yale mahame, mikono mitupu, bila kijiwe cha Misri. Niliogopa njia nzima kwamba tutakuta pamelimwa. Tukayakuta mafiga yote matatu kwenye majani. Udongo wa bibi ulishaoshwa na mvua, lakini vile vipande viwili vilikuwa bado vimelala ubavu kwa ubavu. Nilimsimulia binti yangu yote, hata wizi. Akanitazama vibaya, kisha akaenda kuchota udongo, akaunga.

Tulichuma boga lililojiotea, tukawasha moto, nikainjika sufuria. Ikakaa sawasawa. Nikamwambia bibi kimoyomoyo kwamba wenye nyumba tumerudi.