Jogoo Alikanyaga Pedali Yangu

Leo kanisani Sagalla nimeambiwa nitoe gitaa langu kwa kosa la kuku.

Kuku, jamani!

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Nilipanga pedali zangu, zile za kubadili sauti ya gitaa kwa mguu, karibu na madhabahu, nikaziunganisha na spika ya gitaa. Watu wakaweka sadaka hapohapo: ndizi, mahindi, na jogoo aliyefungwa ovyo.

Katikati ya maombi, mimi nikipiga polepole, jogoo akarukia pedali ya kunguruma.

Kanisa zima likatetemeka.

Mzee wa kanisa akanijia mbio. "Binti, toa hii mitambo ya disko!"

"Mzee, aliyekanyaga ni jogoo. Atoke yeye."

Sikuchomoa hata waya mmoja.

Baada ya ibada sadaka ikapigwa mnada. Jogoo nimemnunua mimi.

Jumapili ijayo pedali zitakuwa palepale. Jogoo hatakuwepo.

Nani analeta ugali?