Gari Nililolisuka Sebuleni

Mimi si mtu wa kutoka. Nikionekana sokoni Songea mjini mara mbili kwa mwezi mmoja, mama huuliza kama kuna msiba. Elimu yangu ya kidato cha nne niliimalizia kwenye gemu ya mashindano ya magari, na kwa miaka miwili nilikuwa nasuka gari moja jekundu humo ndani: upepo wa tairi, ugumu wa springi, urefu wa gia. Nilikuwa na daftari kabisa. Fizikia ilipata humo kazi ambayo mwalimu wangu hakuitarajia.

Gari la kweli sijawahi kuendesha. Hilo halikunizuia kuwadharau watu wanaotumia misaada, yaani zile setingi ambazo mashine inakukanyagia breki kabla ya kona, inakushikia gari lisiteleze, na kukuchorea mstari wa kijani barabarani kama mtoto wa chekechea.

Shemeji, mume wa dada yangu, akija kucheza kwetu huwasha misaada yote. Yeye ni dereva wa lori, tena Mhehe; mimi Mngoni. Mababu zetu walipigana, kwa hiyo sisi ni watani, na mtani hanuniwi.

"Shemeji, huo mstari ukizimwa utafika nyumbani kweli?" nilimuuliza Jumapili moja baada ya misa.

"Mngoni, wiki nzima nashusha mahindi kwenye kona za Lukumburu. Nikikaa kwenye kochi nitafute tena mateso? Wewe ambaye hujawahi kuteseka, teseka."

Dada alicheka mpaka akaweka chini ungo wa mchele. Nikaona aibu, nikadai tushindane, mizunguko mitano: yeye na misaada yake, mimi na gari nililolisuka. Shemeji akatoa masharti. Nikishinda, ataniita fundi mbele ya ukoo mzima siku ya kipaimara cha binti yake kule Maposeni. Nikishindwa, siku hiyo nitasonga ugali wa wageni, uani, pamoja na kina mama.

Ugali haukunitisha sana. Kilichonitisha ni Maposeni. Nilikuwa nimeshaandaa homa ya siku hiyo.

"Kwanza tukague usafi wako," alisema shemeji, akafungua setingi zangu.

Msaada wa breki ulikuwa umewashwa. Wa kuzuia kuteleza pia. Mashine ilikuja hivyo tangu dukani, na mimi, mwenye daftari, sikuwahi kufungua ukurasa ule. Miaka miwili nilikuwa napima springi huku mtu mwingine akiniendeshea.

Tukazima. Kwenye kona ya kwanza gari langu jekundu liligeuka likatazama lilikotoka. Kwenye ya pili lilikutana na ukuta. Shemeji aliufuata mstari wake wa kijani mpaka mwisho, huku akimweleza dada habari za paa la jiko linalovuja.

"Gari zuri," alisema akiweka pedi ya gemu mezani. "Tatizo lina dereva."

Homa haikuja. Siku ya kipaimara nilisimama Maposeni mbele ya sufuria ambalo ningeweza kuogea ndani yake, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Moshi ulinichagua mimi tu.

"Mwanangu, unasonga au unapiga kasia?" shangazi aliuliza.

Shemeji alipita na kreti ya soda. "Mtani, tukuwashie msaada?"

Nikasema sihitaji. Unga ukazidi kukaza, mwiko ukagoma katikati. Shangazi akaja nyuma yangu bila kuomba ruhusa, akashika mwiko juu ya mikono yangu, akaanza kuukandamiza ugali kwenye ukingo wa sufuria. Ukatii. Sikumwambia aniachie.

Hata hivyo upande niliouanza mwenyewe ulibaki na madonge. Shemeji aliomba apakuliwe upande huohuo. Akamega tonge, akalikagua juani, akasimama.

"Jamani, ugali huu kausuka fundi!"

Ukoo mzima ulisikia. Akakaa, akala, akaomba aongezwe.