Mwisho Aliouogopa Mama Gundi

Saa mbili asubuhi, foleni ya waliokuja kuona wagonjwa wao imeshafika kona ya ukuta wa hospitali. Pembeni ya geti, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo ya taa, mwanamke mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi anapaka gundi kwenye mgongo wa kitabu. Anaubana kwa vidole mpaka ushike, anakiweka kitabu chini ya tofali, kisha anavuta kingine.

Wauguzi ndio waliomwita Mama Gundi, na jina likamkaa. Kazi yake ni kutengeneza vitabu vya mitumba vilivyochanika na kuvikodisha kwa watu wenye wagonjwa ndani. Si kazi ya kutajirisha mtu. Kodi ya chumba inalipwa, sufuria linapanda jikoni, na yeye anasema hajawahi kumwomba mtu chumvi.

Ukiitazama meza yake utashangaa. Mahali penye majonzi kiasi hiki ungetegemea vitabu vya vichekesho, au vya mapenzi yanayoishia kwenye shangwe. Yeye kajaza hadithi za giza tupu: wasichana waliopotea katika misitu inayosema, mabibi harusi waliofungiwa vyumbani, wafalme waliouza vivuli vyao. Ni zile ngano tulizosimuliwa utotoni, zikaandikwa upya kwa watu wazima na kurudishiwa meno yake.

"Mtu ambaye mama yake anapumulia mashine, umpe kitabu cha harusi? Atakurudishia hata hujakaa," anasema. "Huyo anataka mwenzake aliyeko gizani, watembee pamoja."

Lakini si kila kitisho kinapata nafasi mezani kwake. Husoma kwanza yeye, mwanzo mpaka mwisho, na vinavyomchosha huvigeuza karatasi za kufungia. Damu nyingi haimtishi, inamtia usingizi. Kitabu kinachofaa, kwa maneno yake, ni kile ambacho ndani yake hata zimwi lina jambo linaloliuma, na ukimaliza unakwenda kumjulia hali mtu uliyekuwa umemnunia. Mlinzi wa geti, aliyeanza kukodi kwa kupoteza muda tu, sasa haingii zamu bila kitabu kwapani, na ameshapatana na ndugu wawili kwa sababu hiyo.

Tatizo la mitumba ni kwamba vitabu vinafika vimeumia. Kurasa za mwisho ndizo zinazotangulia kung'oka, na nani atakodi hadithi isiyo na mwisho? Kwa hiyo Mama Gundi alijizoesha kuandika miisho yeye mwenyewe, kwa mkono, na kuibandika mahali pake.

Miisho yake yote ilikuwa myema. Waliokufa walizinduka, milango ilifunguka yenyewe, wachawi waliomba radhi. Wateja walikuwa wakimtania kwamba kwa Mama Gundi hata zimwi huoa likatulia.

"Nilijua nadanganya kidogo," anakiri. "Lakini uongo wa kumfariji mwenye mgonjwa, nani aliwahi kuukataa?"

Aliyeukataa ni mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo wake ni fundi cherehani, mama wa binti mmoja aliyeanza shule juzi juzi. Amelala wodi ya wanawake kwa maradhi ya moyo, akisubiri upasuaji. Daktari hakuwaficha: wapo wanaoamka na wapo wasioamka. Tangu siku hiyo mgonjwa alikuwa na neno moja tu la kumwambia dada yake, kwamba asipoamka, mtoto aende kwake. Kila alipolianza, Mama Gundi alinyoosha shuka, akauliza kama chai imekuja, akasema, "Utaamka, utamlea mwenyewe." Basi neno likabaki hewani, mtu wa kulipokea hakuna.

Hatimaye mgonjwa akaomba kitabu. Aliletewa hadithi ya bibi harusi aliyeolewa katika jumba lisilo na madirisha. Jumba lile lilikuwa hai. Kila alipotaka kutoka lilimdai kumbukumbu moja, naye akatoa sura ya baba yake, akatoa wimbo wa mama yake, na bado mlango haukufunguka. Kisha akajifungua mtoto humo ndani. Kuanzia hapo kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa, na Mama Gundi alikuwa ameshaandika zake: jumba lilipitiwa na usingizi, mama na mwana wakatoka mbio, wakafika nyumbani salama.

Mdogo wake alisoma mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipokaribia, akakifunga kitabu. Ndipo akasema, "Dada, aliyeandika hapa mwisho si yule wa mwanzo. Yule haogopi. Huyu anaogopa."

Akaeleza kwamba jumba la namna ile halisinzii. Ndani ya hadithi hiyo kila kitu kimelipiwa, iweje mwisho utoke bure? Alimtaka auandike upya na aulete kabla ya siku ya upasuaji.

Mama Gundi anasema alitoka wodini amekasirika, na hasira ile ilikuwa woga mtupu. Siku zilizofuata alitengeneza kila kitabu isipokuwa kile. Aliwachanganyia wateja vitabu, akamwagia gundi viatu vyake. Mwishowe, mchana mmoja foleni ilipopungua, alikishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea, akaubandua mwisho wake mwema na kuuweka kando.

Katika mwisho mpya, jumba linafungua mlango, lakini uwazi wake unamtosha mtoto peke yake. Nje yupo dada wa bibi harusi, ambaye siku zote alifika ukingoni mwa msitu na kurudi, kwa sababu aliogopa kuona. Safari hii anasogea. Anaweka mikono yake mlangoni, na bibi harusi anampa mtoto. Kurasa zinazobaki zote ni za njia ya kurudi, mtoto akiuliza maswali na mama yake mkubwa akiyajibu.

Alimsomea mwenyewe pale kitandani, maana mgonjwa hakuwa na nguvu ya kushika kitabu. Alipomaliza, mdogo wake aliuliza, "Na yule dada, atamlea?"

"Atamlea," akajibu. Kisha akasema, "Nitamlea, mdogo wangu. Nimesikia. Nitamlea."

Mgonjwa alimshika kiganja, akalala usingizi mzuri ambao wauguzi walikuwa hawajauona kwa muda mrefu.

Upasuaji ni wiki ijayo. Mama Gundi anaomba kila alfajiri mdogo wake aamke, na halifichi ombi hilo. Hata hivyo mipango ya kumhamishia mtoto kwake, mama aamke asiamke, inaendelea: seremala anamaliza kitanda kidogo, sare za shule zimeshashonwa, na mafurushi ya vitabu yaliyojaa kona ya chumba chake yamehamia kwa jirani.

Jumapili iliyopita alimleta mtoto, ambaye nyumbani huitwa Kadogo, aje kukiona chumba. Kadogo aliuliza kitanda kitakaa wapi, akaonyeshwa chini ya dirisha. Halafu akauliza, "Mama mkubwa, na mama naye atakuja kukaa hapa?"

Mama Gundi anasema zamani angeitikia ndiyo hata swali halijaisha. Safari hii alichuchumaa wakaonana macho kwa macho.

"Sijui, mwanangu," alimwambia. "Tunamwombea aje. Ila wewe utakuja."

Mtoto akauvua mkoba wake wa shule, ambao hata Jumapili hauachi, akauweka sakafuni chini ya dirisha, pale kitanda kitakapokaa.