Krimu Mbili za Mama

Serikali iliporuhusu biashara huria, maduka ya Masasi yalijaa vipodozi kutoka nje. Wakati huo baba alikuwa ameoa mke wa pili, binti wa rika langu. Siku moja mama akaniomba nimsindikize kutoka Newala akanunue krimu ya kuondoa makunyanzi.

Muuzaji alituwekea mbili mezani. "Hii ya ghali inalainisha ngozi polepole, mama. Hii ya bei rahisi ni kali, inachubua."

Mama aligusa nembo alizochanjwa usoni tangu usichana wake. "Na hizi itaziondoa?"

Nilishtuka. Miaka yote alikuwa akizionea fahari.

"Mama, chukua ya ghali, nitalipa mimi," nikamsihi.

"Ya polepole ni yenu vijana," akajibu. "Mimi sina muda."

Mwezi haukuisha, uso wake ukaungua na kutoka mabaka mekundu. Akaacha kwenda harusini na hata misibani. Baba alipokuja kumjulia hali, mama alijifunika khanga, akageukia ukutani.

"Mwambie nimelala," akaninong'oneza.

Nikatoka nikamwambia. Baba akaondoka bila kuuliza zaidi.