Unga Mweupe wa Magunia ya Kiwandani

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo. Kiwanda cha bia kilikuwa bado kigeni hapa Gisenyi. Jirani yetu Mzee Karoli alifanya kazi humo, na mama alimwomba magunia matupu ya kuwekea maharagwe tuliyonunua soko la Kanama. Ndani ya magunia ulibaki unga mweupe, mwepesi, laini kama poda. Kumbe maharagwe yaliyoguswa na unga ule hayakutobolewa! Fukusi tuliwakuta chini, wamekauka.

Tamaa ikanishika, nikataka unga zaidi. Nikajifungia stoo ili upepo usinipeperushie mali yangu, mdogo wangu Zaituni nimembeba mgongoni, nikakung'uta magunia sita mpaka kwa vumbi mlango sikuuona. Mtoto akakohoa, akakohoa, kisha akawa anavuta pumzi kwa shida, macho yamemtoka. Nilitoka mbio napiga kelele. Sitakuficha, mwanangu, nilidhani nimemuua.

Mzee Karoli alimpokea, akampeleka penye upepo wa ziwa, akamfuta pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji. Pumzi zilipotulia ndipo akanigeukia.

"We binti, ile si unga, iko mawe! Unamupatia mutoto mawe avute?"

Nami kwa ubishi wangu nikamuuliza, "Mawe gani yanaelea hewani, mzee?"

Kesho yake aliniombea ruhusa, akanipeleka chumba cha vipimo kiwandani, penye hadubini.

"Bon, inama, angalia."

Subhanallah! Ndani ya chembe isiyoshikika kwa ukucha niliona visahani, vikapu na mitumbwi ya kioo, imetobolewa matundu kwa safu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mzee akanieleza kwamba ni magamba ya viumbe vidogo vya majini, vilivyokufa na kulundikana chini ya maziwa yaliyokauka zamani mno. Matundu yale huchuja bia. Magamba yale hukwaruza fukusi na kumnyonya mafuta ya ngozi mpaka akauke, ila yakilowa hayana kazi.

"Na hii ya kiwanda walichoma mu moto," alisema. "Inaharibu kifua zaidi, haiko ya chakula. Ya nafaka iko ingine, hawachomi. Na ile pia usivute."

Nililia, kwa hofu na kwa kumstaajabia Muumba.

Tulipopanda kilima kurudi, mzee alisimama mara nne ameshika kifua. Miaka mingi alikuwa amemimina unga kama ule katika kiwanda kingine, upande wa Kongo, uso wazi. Nikajifanya nimechoka mimi, tupumzike.

"Mi hakuna mutu aliniambia," alisema. "We nimekuambia."

Nilipomweleza mama, maharagwe yale aliyamwaga yote.

Basi mwanangu, kinga ni bora kuliko tiba. Unga huo ukiletwa kwako, uliza kwanza ni wa kazi gani. Ule wa nafaka tia kidogo tu, kwenye maharagwe makavu, nje penye hewa, pua na mdomo umefunga, watoto wakiwa mbali. Na uyaoshe vizuri kabla ya kupika. Ukishajua, mwambie na mwenzako, maana Mzee Karoli hakufika uzee wangu huu. Mungu akupe macho ya kuona ukuu wake katika vitu vidogo, akupe na pumzi za kumshukuru hadi uwe na wajukuu. Amina.